Kishikwambi kiwe cha kuchorea

Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alisomea hisabati, kisha akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa wa kuchunguza namna watoto wanavyofikiri. Mwaka 1967, akiwa Marekani, yeye na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye Logo ikapata kobe wake mashuhuri, kialama cha kwenye skrini kinachofuata amri. Mtoto humwamuru aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, na kobe huacha mstari kila anapopita. Amri hizo zikirudiwa mara nne, mraba umekamilika.

Utamu huanza kwenye pembetatu. Mtoto aliyekariri kwamba pembetatu yenye pande sawa ina pembe za nyuzi 60 humwagiza kobe ageuke nyuzi 60, halafu anashangaa: umbo halikufunga, limebaki wazi kama nusu ya umbo la pande sita. Hakuna aliyemgombeza. Anainuka, anatembea mwenyewe sakafuni kama kobe, anageuka kwenye kila kona, na hapo anang'amua kwamba kobe hufuata pembe ya nje, yaani nyuzi 120. Zidisha mara tatu upate 360. Jaribu mraba, 360. Jaribu umbo la pande sita, 360 tena. Kanuni ambayo wengi huinakili ubaoni bila kuielewa, mtoto huyu ameigundua kwa kuchora.

Habari hii inaihusu Tanzania moja kwa moja. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi walivyotumia makarani viligawiwa kwa walimu. Ulikuwa uamuzi mzuri, maana kifaa kilichonunuliwa kwa kazi ya siku chache kilipata kazi ya miaka. Lakini kazi hiyo isiwe tu kufungua vitabu na kuonyesha video, huku watoto wakitazama mikono kifuani.

Peru inatoa funzo chungu. Nchi hiyo iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wengi mno, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliotoka mwaka 2012, uliofanywa katika shule 319, haukuona wanafunzi wakipanda katika hisabati wala lugha. Vifaa vilifika, namna ya kufundisha ilibaki ileile.

Sasa chukua somo la sayansi ambalo shule nyingi za msingi hulifanya, la kuotesha maharage na mahindi kwenye kopo. Kwa kawaida mtoto humwagilia, husubiri, kisha hunakili picha iliyo kitabuni. Mwalimu mwenye kishikwambi kimoja anaweza kufanya zaidi ya hapo. Kila siku kikundi kimoja kinachora mche ulivyo siku hiyo, kwenye karatasi ya kawaida na kwa penseli ya kawaida. Mwalimu anapiga picha kila mchoro, na mwisho picha zote zinapitishwa mfululizo. Mche unaota mbele ya macho ya darasa zima.

Kabla ya kufika hapo, kila mchoraji amelazimika kuamua mambo ambayo anayenakili tu haulizwi. Mzizi ulitangulia au shina? Yale mapande mawili ya mbegu ya haragwe yalipanda juu ya udongo, na ya mahindi je? Mbegu ya mahindi hubaki chini. Mtoto asiyechungulia kopo vizuri atachora uongo, na picha ya kesho yake itamuumbua. Juu ya hayo kuna vipimo: kama mche ulikuwa na sentimita 4 jana na 7 leo, mchoro lazima ukue kwa uwiano huohuo. Mwisho darasa linahitaji maelezo ya kusomwa huku picha zikipita, nalo hilo ni zoezi la insha. Hivyo sayansi, hisabati na Kiswahili vimekutana kwenye kopo moja la maharage, na hapakuhitajika vishikwambi arobaini.

Kwamba mkono unaochora huisaidia kumbukumbu, kuna ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2016 majaribio ambamo watu walipewa maneno, mengine wayachore, mengine wayaandike tena na tena. Waliyoyachora waliyakumbuka vizuri zaidi. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, lakini mwalimu yeyote wa darasa la pili hatashangazwa na matokeo hayo.

Wapo watakaosema kwamba kuchora ni mchezo na mtihani hauulizi michoro. Kauli hiyo ndiyo iliyowafanya watoto wengi kuchapwa kwa kuchora nyuma ya daftari. Mtihani unauliza pembe, mimea na ramani, na yote hayo ni michoro kabla hayajawa maneno. Mwenye hofu halali ni mwalimu ambaye hajawahi kuonyeshwa namna ya kufanya, naye anastahili kusaidiwa bila kulaumiwa.

Kwa hiyo vyuo vya ualimu viingize kazi hii katika mafunzo ya vitendo, na wakaguzi wanapofika shuleni waombe kuona kilichochorwa na wanafunzi, wasiridhike na orodha ya vifaa vilivyopokelewa. Scratch, programu ya watoto iliyotolewa mwaka 2007 na watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, ni ya bure, ina kalamu ya kuchorea kama ya kobe wa Papert, na ukishaipakua hufanya kazi bila intaneti. Mwalimu mwenye kishikwambi kabatini akitoe wiki hii, akichaji, na awape watoto kazi ya kwanza: wachore pembetatu yenye pande sawa.