Daftari la Tawi Halitolewi: Tuliangalie Jimbo la Bariadi Mashariki

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE, TAWI LA MAGANZO*



Tangu juzi kundi letu limechafuka kwa jambo moja. Mtia nia mmoja ameomba apewe daftari la tawi, majina pamoja na namba za simu, ili awalipie wanachama wote ada ya mwaka kwa mkupuo. Wapo walioshangilia. Wapo waliouliza kwa nini uongozi unaking'ang'ania kitabu. Kamati ya tawi ilikaa jana jioni na jibu lake ni hili: *daftari halitolewi.* Mnastahili kuelezwa sababu, na sababu yenyewe tunaianzia mbali kidogo, kwa jirani zetu wa Bariadi.

Vijana wengi humu hamkumbuki kwamba hadi 2012 Bariadi ilikuwa mkoa mmoja na sisi, Mkoa wa Shinyanga. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, chama cha UDP cha Mzee John Momose Cheyo kilipata viti vitatu vya majimbo, na ngome yake ilikuwa huku huku Usukumani. Yeye mwenyewe aligombea urais na kupata takriban asilimia 4 ya kura za nchi nzima. Wazee wa hapa Maganzo bado wanamwita Bwana Mapesa, na wanamwita kwa mapenzi.

Katika Bunge la 2000 hadi 2005 UDP ilikuwa na Danhi Makanga wa Bariadi Mashariki, Isaac Cheyo wa Bariadi Magharibi na Erasto Tumbo wa Kisesa. Majimbo matatu yanayopakana, yote chama kimoja, tena si chama kilichoko madarakani. Leo ukimwambia kijana wa mnadani habari hii atadhani unamtania.

Mwaka 2005 vitatu vikawa kimoja. Bariadi Magharibi ilikwenda kwa Andrew Chenge wa CCM. Bariadi Mashariki akaishika Mzee Cheyo mwenyewe, akairudisha tena 2010, na bungeni akaongoza Kamati ya Hesabu za Serikali. Hapo tuseme haki: alikuwa mbunge wa uzito, na waliomchagua hawakupoteza kura zao.

Machi 2012 ukaanzishwa Mkoa wa Simiyu. Bariadi ikagawanywa, ikazaliwa Wilaya ya Itilima. Uchaguzi wa 2015 ulipofika hapakuwa tena na jimbo linaloitwa Bariadi Mashariki. Palikuwa na Bariadi na palikuwa na Itilima, yote mawili yakaenda CCM, na UDP ikarudi bila kiti hata kimoja. Miaka ishirini ya ngome ikaishia hapo.

Wengine watasema ni mipaka. Sisi hatuamini mipaka peke yake inaweza kumaliza chama. Waliokuwa wakipiga kura Bariadi Mashariki hawakuhama na jimbo, walibaki kwenye vijiji vyao na mashamba yao ya pamba. Tunavyoona sisi, kilichokosekana ni chama chini ya mgombea: mashina yanayojuana, yanayokutana hata mwaka usio wa uchaguzi, na yenye kitabu chao wenyewe. Watu walikuwa wa Mzee kabla ya kuwa wa chama. Umri ulipomwendea, na ramani ikabadilika, hapakuwa na cha kushika.

Na tusicheke ya Bariadi, ya kwetu Kishapu tunayo. Machi 2010 mbunge wetu Fred Mpendazoe aliihama CCM akaenda CCJ, chama ambacho hata usajili wa kudumu kilikuwa hakijapata. Ilikuwa haki yake, na ilihitaji moyo. Lakini Oktoba ya mwaka huo alikuwa anagombea Segerea, Dar es Salaam, kwa tiketi ya CHADEMA. Waliokuwa wamejiandaa kumfuata, wa Mhunze na wa Maganzo, walikuta aliyewaita hayupo hata kwenye karatasi ya kura ya jimbo lao.

Ramani nayo haijatulia. Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, na moja ni Itwangi, lililokatwa kutoka Solwa hapo jirani. Kesho yaweza kuwa sisi.

Sasa turudi kwenye ada. Anayekulipia ada leo anajua jina lako, namba yako na shina lako, na siku ya kura za maoni atakukumbusha. Akishinda, kitabu ni chake. Akishindwa akahama, anahama nacho, na tawi linaanza upya kuulizana nani ni nani. Hatumtuhumu ndugu yetu huyu kwa nia mbaya. Tungemjibu hivyo hivyo hata angekuwa mtoto wa mwenyekiti.

Tunajua hali ni ngumu na mvua za mwaka huu mmeziona. Asiyeweza kulipa yote alipe kidogo kidogo kwa katibu wa shina lake, apewe risiti. Kwa wazee wasiojiweza tutachangishana wenyewe. Mtia nia akitaka kuchangia, achangie mfuko wa tawi mbele ya mkutano, naye apewe risiti kama mwingine.

Jumamosi hii saa 10 jioni makatibu wa mashina walete orodha zao ofisini tuzioanishe. Kila mwanachama ahakikishe pia yumo kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Shinyanga Mjini, mwaka 2010, mbunge alitangazwa kwa tofauti ya kura moja.



*Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Maganzo*