Uzito wa Mwenzako Si Mazungumzo ya Baraza



 

Ndugu wasomaji, safari hii nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni dhambi, wala hata kuwa ni utovu wa adabu. Nalo ni ile tabia ya kumtazama mtu kuanzia juu mpaka chini, kumpimia uzito kwa macho, kisha kumpa ushauri wa chakula na mazoezi ambao hakuuomba. Hapa kwetu Arua na Koboko tabia hii ipo sokoni, ipo kwenye harusi, ipo matangani, na siku ya Idi ndiyo huzidi, kwa kuwa watu wanaonana baada ya muda mrefu. Salamu haijaisha, mama wa watu ameshaambiwa, "Hajati, sasa umezidi, punguza enyasa." Kijana naye anaulizwa mbele ya wenzake, "Mbona umekonda hivyo, unaumwa nini?" Waliokaa wanacheka, na anayeulizwa naye hulazimika kucheka.

Tuwatendee haki wazee wetu kwanza. Mzee wa West Nile akikuambia umenenepa alhamdulillahi, anakuombea dua. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wetu walivuka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan, na wengi walikaa huko miaka. Mimi ni wa kizazi kilichozaliwa wakati wa mkimbio huo. Kwa mama zetu mtoto mwenye mashavu alikuwa ni mtoto mwenye matumaini ya kuuona mwaka unaofuata. Na jambo hilo halijawa historia kwa kila mtu. Wakimbizi walioko Rhino Camp, Imvepi na Lobule walipunguziwa mgao wa chakula hadi asilimia 70 Aprili 2020, kisha hadi asilimia 60 Februari 2021, na tangu hapo hali haikurudi kuwa nyepesi. Nenda Lobule ukamwambie mama wa Kikongo kuwa unene ni uvivu, uone atakavyokutazama.

Vijana wetu wanaorudi kutoka vyuo vya Kampala wameshika upande wa pili kabisa. Kwao tumbo ni ushahidi wa uzembe na mwili mwembamba ni ushahidi wa bidii. Hivyo binti mmoja katika nyumba moja anaambiwa na bibi yake ale anenepe, na kaka yake anamwambia aache chapati. Wote wawili wana uhakika, na hakuna kati yao aliyemuuliza yeye anajisikiaje.

Uganda ina jeraha lake la peke yake katika jambo hili. Mwaka 1982 ugonjwa mpya ulijitokeza Kasensero, wilaya ya Rakai, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Wagonjwa walikonda mno, na wananchi wakauita silimu. Madaktari walipouandika mwaka 1985 katika jarida la Lancet la Uingereza, walitumia jina hilohilo la wananchi. Tangu hapo kukonda katika nchi hii ni mashtaka. Ukipungua kilo tano, kuna watu wameshakuhukumu, na wameshahesabu na wake zako pia.

Upande wa Koboko kuna mtu, sitamtaja, alianza kukonda akiwa na miaka hamsini na kidogo. Alikuwa na kiu isiyokwisha na anaamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo. Barazani watu walishamaliza kesi yake. Yeye mwenyewe aliogopa kwenda kupimwa, kwa sababu kuonekana tu kwenye foleni ya hospitali kungekuwa ni kuwathibitishia. Kulikuwa na posa ya binti yake, na upande wa mume ukaanza kuleta udhuru baada ya udhuru. Alipoanguka na kubebwa kwa boda boda ndipo ikajulikana kuwa ni kisukari. Yu hai, alhamdulillahi, lakini vidole viwili vya mguu vilikatwa, na posa ile haikurudi. Sasa niambieni, wale waliokuwa wanacheka barazani watamlipa nini Siku ya Kiama? Na hata angekuwa na virusi kweli, ingewahusu nini? Mwenye virusi anayekunywa dawa zake sawasawa unaweza kusali naye bega kwa bega miaka ishirini usimtambue kwa macho. Tena dawa inayotumika sana sasa, iitwayo dolutegravir, imeonekana kuwaongezea uzito baadhi ya watu. Macho yetu yamepitwa na wakati.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah (s.w.) amewakataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao, na wanawake kuwadharau wanawake wenzao, kwa kuwa huenda anayedharauliwa ni bora kuliko mwenye kudharau. Aya hiyohiyo imekataza kuitana majina ya kejeli. Hivyo hawa wanaoitwa "Tanki" na "Kijiti" katika madrasa zetu, wanaitwa hivyo kinyume na aya ambayo watoto wenyewe wameihifadhi. Nami nasema wazi, majina haya mara nyingi hawayaanzishi watoto. Yanaanzia nyumbani, kwa mjomba mcheshi.

Tazameni Mtume (s.a.w.) alivyofanya. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alikuwa na miguu myembamba sana. Siku moja alikuwa juu ya mti akichuma miswaki, upepo ukampeperusha, miguu ikaonekana na watu wakacheka. Mtume akawauliza wanacheka nini, na walipomwambia, akaapa kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Imam Ahmad ameipokea. Kwa upande mwingine yuko Bi Sawda bint Zam'a (r.a.), mke wa Mtume, aliyekuwa mwanamke mzito wa mwili na mwenye kwenda taratibu. Usiku wa Muzdalifa katika Hija aliomba ruhusa atangulie kabla ya msongamano wa watu, na Mtume akamruhusu. Hakuambiwa kuwa angejitahidi kupungua kabla ya safari. Bi Aisha (r.a.) alisema baadaye kuwa alitamani naye angeomba ruhusa ile. Hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim, na mimi nikiisomesha huwa nawaambia wanafunzi wasiipite haraka, kwa sababu ndani yake kuna mama mnene aliyeomba kupunguziwa taabu akapunguziwa, na mwembamba aliyemtamania nafasi yake.

Na ile ya mashindano ya mbio mnaijua. Bi Aisha alikimbia na Mtume akamshinda. Baada ya muda, mwili wake ulipoongezeka, wakakimbia tena na mara hii Mtume akashinda, akamtania kuwa sasa wamelipana. Mume aliyeona mkewe ameongezeka mwili alifanya nini? Alikimbia naye. Alitaniana naye kwa mchezo ambao wote wawili walikuwamo, tena baada ya kuwaamuru watu watangulie mbele. Si sawa na mume anayekaa kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi, akimwambia mkewe atembee asubuhi.

Kuna wanaotumia hadithi ya Bukhari, ya mtu mkubwa mnene atakayeletwa Siku ya Kiama asiwe na uzito wa ubawa wa mbu mbele ya Allah. Nimeisikia ikitajwa kwenye mawaidha huku macho ya msemaji yakielekea kwa mtu fulani aliyekaa safu ya pili. Huku ni kuionea hadithi. Mwishoni mwake imeunganishwa na aya ya 105 ya Suratul Kahf, na aya hiyo inawazungumzia waliokanusha ishara za Mola wao, amali zao zikaporomoka. Mizani inayotajwa ni ya amali. Haina habari na mzee wetu wa safu ya pili.

Atasema msemaji, "Lakini ustadh, dini ni nasiha. Na kula kwa kiasi ni Sunna." Ni kweli. Hadithi ya kugawa tumbo theluthi kwa chakula, theluthi kwa kinywaji na theluthi kwa pumzi ipo, Tirmidhi ameipokea. Ni kweli pia kuwa presha na kisukari vimeingia majumbani mwetu. Wizara ya Afya ilianzisha siku ya taifa ya mazoezi Julai 2018, na wakati wa kufungiwa ndani, Aprili 2020, Rais Museveni alijipiga picha za video akikimbia ofisini mwake na kupiga pushapu 30 bila viatu. Mpende au msimpende, nasiha ile ilikuwa na adabu yake. Alifanya mwenyewe, aliwaambia watu wote, na hakumnyooshea kidole mtu kwa tumbo lake. Linganisheni na Februari 2019, pale waziri mdogo wa utalii, Godfrey Kiwanda, alipotangaza shindano la wanawake wenye maumbo makubwa kama kivutio cha watalii. Wanawake wengi wa Uganda walikasirika, na walikuwa na haki. Kumsifia mwanamke kwa unene mbele ya nchi nzima nako ni kumpima hadharani, ila kwa jina la sifa.

Nasiha ina masharti, na la kwanza ni elimu. Hapa ndipo washauri wetu wa bure wanapoanguka. Kijana ameinua vyuma miezi sita, sasa ni mganga wa kila mwili anaokutana nao. Anamwambia mama aache wanga kabisa, wala hajui kama mama yule anakunywa dawa za kisukari, na mtu wa kisukari anayekunywa dawa zake kisha asile anaweza kushuka sukari akazirai. Hajui kama unene wa yule ni tezi ya shingo, au dawa za pumu alizomeza muda mrefu, au uzazi wa saba. Hata kile kipimo cha hospitali cha kugawa kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, ambacho 25 na zaidi ni uzito uliozidi na 30 na zaidi ni unene wa kupindukia, msingi wake uliwekwa miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, naye alikuwa mtu wa hisabati, si tabibu. Hakitofautishi msuli na mafuta. Ikiwa kipimo cha namba kina upungufu huo, jicho la jirani lina thamani gani? Na ipo hadithi katika Abu Daud na Ibn Majah kwamba mwenye kutibu watu naye hajulikani kuwa na utabibu, atadhamini madhara. Nafikiri wengi wetu tungenyamaza kama tungekuwa tunalipia ushauri wetu unapoharibu.

Na unaharibu. Jambo linalonisumbua zaidi ni mabinti. Yuko aliyeacha daku Ramadhani nzima ili apungue, mpaka akaanguka darasani, na nia yake ya saumu yenyewe ikawa imechanganyika. Wako wengine, wa upande wa pili, wanaoambiwa kila siku kuwa hawataolewa kwa sababu ya wembamba, na hao wananunua vidonge vya kunenepesha. Wanameza deksamethasoni, dawa ya kuzuia uvimbe na mzio, inayofanya uso uwe wa mviringo na mwili ushike maji. Shangazi anafurahi, "Sasa umependeza." Dawa hiyo hupandisha sukari na presha, na mtu akiimeza muda mrefu kisha akaikatisha ghafla anaweza kuwa hatarini kweli kweli, kwa kuwa mwili umeshaacha kutengeneza homoni yake. Wazazi, kagueni mikoba ya vidonge nyumbani, lakini kwanza kagueni maneno mnayowaambia mabinti wenu wakati wa chakula. Na kama binti ameshaanza kuvimeza, msimnyang'anye tu. Mpelekeni kwa daktari amwachishe polepole.

Sharti la pili ni siri. Ukiwa na elimu, na una ukaribu na mtu, na unamwogopea kweli, mwite pembeni. Anza kwa kumuuliza hali yake, usianze na mwili wake. Huenda akakuambia kuwa anajua, na kwamba daktari alishamwambia, na kwamba tatizo lake ni nani atamwangalia mtoto mchanga wakati yeye anatembea. Basi hapo nasiha yako ni kumshika mtoto. Mama wa Koboko anayechota maji, anayelima mihogo na kusimama sokoni mpaka magharibi hakosi mazoezi. Anakosa usingizi na pesa ya mboga, na hayo mawili mume anaweza kuyapunguza akitaka.

Katika msikiti wetu nimependekeza kwa kamati kuwa, badala ya mawaidha mengine juu ya matumbo, tumwombe muuguzi aje Ijumaa moja kila mwezi na mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wanaume baada ya swala, wanawake kwa muuguzi wa kike ndani ya chumba cha madrasa, na pazia mlangoni. Kamati imekubali, kinachosubiriwa ni pesa za vijiti vya kupimia sukari. Sharti nililoliweka ni moja tu, kwamba namba iandikwe kwenye karatasi na apewe mwenyewe mkononi, isisomwe kwa sauti.

Wallahu a'lam.