Fayawoli tumepewa bure, tusiizime wenyewe

Mfanyabiashara wa mpakani anajua thamani ya mlinzi. Hakuna anayeshusha magunia ya mchele yaliyotoka Kahama, akaacha stoo wazi na kwenda kulala. Atafunga kufuli mbili, na juu ya hapo atamlipa mtu wa kulinda usiku.

Lakini nyuma ya stoo hiyo hiyo siku hizi pana chumba kidogo chenye kompyuta. Humo mna ankara, orodha ya wadaiwa, hati za forodha, namba za akaunti za benki na mawasiliano ya wateja wa Ngara, Kabale na Bukavu. Magunia yakiibwa, hasara huhesabika kwa kilo. Orodha ya wadaiwa ikipotea, hakuna ajuaye nani anadaiwa kiasi gani, na si kila mdaiwa atakuja kujitaja. Kwa mtu aliyerudi nyumbani na akiba ya miaka mingi ya ugenini, akaitia yote katika duka moja, huko ni kuanza upya.

Nasema haya kwa sababu kompyuta nayo huja na mlinzi wake. Mlinzi huyo anaitwa fayawoli. Halipwi mshahara, halali, wala haombi ruhusa ya kwenda msibani. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi mwizi hana haja ya kupambana naye, maana sisi wenyewe tumekwisha kumfukuza.

Kazi yake inafanana na ya afisa wa mpakani. Kompyuta iliyounganishwa na intaneti ina milango yenye namba, zaidi ya 65,000. Barua pepe ina milango yake, tovuti zina yake, printa ina yake. Fayawoli husimama hapo na kuuliza kila mzigo unaoingia: umetoka wapi, unakwenda mlango namba ngapi, na nani amekuita? Ukifungua tovuti ya benki, fayawoli hukumbuka kwamba wewe ndiye uliyeomba, na jibu likirudi hulipitisha. Mzigo ambao hakuna aliyeuagiza huachwa nje.

Najua jibu la wengi: "Mimi ni muuzaji mdogo wa vitenge, nani atahangaika kunitafuta?" Hapo ndipo tunapojidanganya. Hakuna anayekutafuta kwa jina. Wahalifu wa mtandao hutumia programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikibisha hodi. Hazijui kama nyumba ni ya benki kubwa au ya muuza vitenge. Zinachotaka ni mlango uliosahauliwa wazi.

Mifano ipo. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilienea duniani kwa kupitia mlango namba 135 wa kompyuta za Windows. Mwenye kompyuta hakuhitaji kufungua barua wala kubofya chochote. Kuwa kwenye intaneti kulitosha. Windows XP za wakati huo zilikuwa na fayawoli ndani yake, ila ilikuwa imezimwa tangu kiwandani. Microsoft ilijifunza, na Agosti 2004 ikatoa sasisho kubwa lililoiwasha bila kumsubiri mwenye kompyuta akumbuke.

Tarehe 12 Mei 2017 yakaja makubwa zaidi. Kirusi cha WannaCry kilipita mlango namba 445, ule unaotumika ofisini kushirikiana mafaili na printa. Kilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili kuyafungua. Kwa siku chache kikafika katika nchi zaidi ya 150, na hospitali kadhaa za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi mwaka huo. Walioiweka walinusurika. Na kompyuta ambazo mlango huo ulikuwa umefungwa kwa watu wa nje hazikufikiwa kwa njia hiyo.

Ndugu msomaji, hebu tulinganishe. Watengenezaji walihitaji pigo la 2003 ndipo wakaiwasha fayawoli. Sisi leo tunanunua kompyuta ya Windows fayawoli ikiwa tayari inafanya kazi, halafu tunaizima.

Anayeizima ni nani? Mara nyingi ni fundi, tena kwa nia njema. Printa imegoma kuonekana. Au programu ya kutoa risiti haisomani kati ya kompyuta ya kaunta na ile ya ofisini. Au kuna programu iliyonakiliwa bila leseni, na maelekezo yake yanasema zima kinga kwanza. Fundi anazima fayawoli yote, kazi inakwenda, analipwa, anaondoka. Hakuna anayekumbuka kuiwasha. Ni sawa na kubomoa ukuta mzima wa stoo ili kupitisha meza moja.

Njia ya haki ipo, na haimchukui fundi mzuri muda mrefu. Fayawoli inakubali kutajiwa programu moja, au mlango mmoja, na kuuruhusu huo peke yake. Inakubali pia kuambiwa kwamba mlango huo ni wa kompyuta za ndani ya duka tu. Fundi asiyejua hilo, au asiyetaka kujisumbua, anakuuzia hatari kwa bei ya kazi.

Hatari inazidi pale fundi anapokaa Kigali na duka liko Rusumo. Ili asisafiri, hufungua njia ya kuingia katika kompyuta yako akiwa mbali. Njia inayojulikana zaidi kwa Windows ni mlango namba 3389. Ukiachwa wazi kwa dunia nzima, wahalifu huuona, kisha huijaribu nywila mara maelfu kwa kutumia mashine. Kama nywila ni jina la duka au 123456, haitachukua muda. Huu ni mmoja wa milango ambayo watu wa kudai fidia huipenda sana, na wateja wao wengi ni biashara ndogo. Fundi akitaka kuingia kutoka mbali, awashiwe njia hiyo kwa saa ya kazi tu, na akimaliza ifungwe.

Jambo hili linatuhusu zaidi leo kuliko zamani. Mwaka 2013 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT hapa Rwanda walianza kutakiwa kutumia mashine za EBM kutoa risiti, na baadaye EBM ikaja kama programu ya kuwekwa kwenye kompyuta. Hati za forodha nazo zimehamia kwenye mtandao. Kompyuta ya duka imeacha kuwa kitu cha kuchapia barua. Ikisimama, biashara inasimama. Isitoshe, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Oktoba 2021 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Majina na namba za simu za wateja wako ni taarifa za watu.

Kwa wenzetu waliorejea nyumbani, nina neno la pekee. Wengi wamekuja na kompyuta walizonunua ugenini, au wamenunua za mitumba. Hakuna aibu katika mtumba, lakini mtumba hukaguliwa. Windows 7 iliachwa na watengenezaji wake Januari 2020. Windows 10 nayo, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fayawoli inaweza kuwa imewashwa, lakini nyumba iliyoachwa bila kuzibwa nyufa haitalindwa na mlinzi peke yake. Na mwenye kompyuta ya Apple asijione yuko salama kwa jina. Huko fayawoli mara nyingi huja imezimwa, na ni juu yake kuiwasha.

Kuna pia wanaosafiri na kompyuta, leo nyumba ya wageni Gatuna, kesho mgahawa wa Ngara. Windows hukuwezesha kuchagua kama mtandao unaojiunga nao ni wa faragha au wa hadhara. Jibu la nje ya nyumbani liwe moja siku zote: wa hadhara. Hapo fayawoli huficha kompyuta yako kwa wageni wengine wanaotumia mtandao huo huo. Na kwa mwenye duka anayewapa wateja Wi-Fi, awatengee mtandao wao, kompyuta ya hesabu ibaki kwenye wake. Nywila ya kiwandani ya modemu ibadilishwe siku ile ile inaponunuliwa, kwa sababu modemu nayo ina ukuta wake, na ufunguo wa kiwandani kila mtu anao.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba fayawoli ni dawa ya kila ugonjwa. Haimzuii karani wako kufungua ankara ya uongo iliyoletwa kwa barua pepe. Haizuii flashi yenye virusi iliyotoka kwenye duka la kuchapisha. Wala haiwezi kutambua kwamba "muuzaji" aliyeandika jana kubadilisha namba ya akaunti si yule unayemjua. Hapo dawa ni kupiga simu kwa namba yako ya zamani na kusikia sauti. Na kwa siku ambayo yote yatashindwa, kinachookoa biashara ni nakala ya hesabu kwenye diski ya pembeni, iliyochomolewa na kuwekwa mbali na kompyuta. Iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na nyingine.

Hata hivyo, kinga isiyotosha haitupwi. Kufuli halizuii moto, na bado tunafunga.

Kwa hiyo nina maombi. Mafundi waandike kwenye risiti kila mlango walioufungua na kwa sababu gani, kama fundi wa umeme anavyopaswa kueleza waya alizogusa. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vichange, vimlipe fundi mmoja mwaminifu apite dukani hadi dukani walau mara moja kila miezi mitatu. Mamlaka zinazotutaka tutumie programu za risiti na forodha zitoe, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, maelekezo ya kuziweka bila kuzima kinga. Serikali inayodai risiti ya kielektroniki ina faida yake katika kompyuta inayoitoa kubaki nzima.

Na wewe mwenye duka, usingoje mkutano. Kesho asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, fungua sehemu ya usalama katika Windows, tafuta fayawoli, uangalie kama imewashwa kwa kila aina ya mtandao inayotajwa pale. Ukiona yoyote imezimwa, iwashe. Printa ikigoma, mwite fundi yule yule arudi aikamilishe kazi yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wa kwetu ulikuja umekwisha kujengwa.