Eti Ule ni Mchanga Tu!

Najua nimepotea wiki mbili. Bumu limekata, matesti yamerundikana, na zamu ya kompyuta hapa ni vita. Leo sina stori za kantini. Nina hasira na nitaimwaga hapahapa.

Juzi usiku tulikuwa tunabishana hosteli, mada ikafika kwenye nano. Nikamtaja Dk. Askwar Hilonga. Jamaa mmoja, tena wa ualimu wa sayansi kama mimi, akacheka: "Yule wa chujio? Ule ni mchanga tu bwana. Nano yenyewe iko Ulaya." Chumba kizima kikacheka naye. Nilinyamaza kwa sababu usingizi ulikuwa umenizidi, ila sasa nipo macho.

Haya, twende. Hilonga ni mtu wa Karatu. Amekulia kijijini, kwenye familia iliyougua magonjwa ya maji machafu kama familia zetu nyingi. Akasoma mpaka akapata udaktari wa falsafa wa uhandisi wa kemikali huko Korea Kusini, Chuo Kikuu cha Hanyang, akibobea kwenye vitu vya nano. Angeweza kubaki. Akarudi, akafundisha kwenye Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, akaanzisha kampuni na kuipa jina la kijiji, Gongali. Mwaka 2015 chujio lake la maji likashinda tuzo ya kwanza kabisa ya uvumbuzi wa uhandisi Afrika, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Pauni 25,000.

Na mchanga upo, sikatai. Maji yanapita kwanza kwenye mchanga, unazuia uchafu na vijidudu. Hiyo ni mbinu ya zamani. Lakini mchanga hauwezi kushika floraidi iliyoyeyuka, wala metali nzito. Hapo ndipo zinaingia chembe za nano, alizotengeneza kwa sodiamu silikati na madini ya fedha. Mtu wa Arusha haulizi floraidi ni nini, anakuonyesha meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya kuzunguka Mlima Meru sehemu nyingi yamepita hapo mbali.

Kwa nini ndogo ndiyo ishike? Jamani, hili hata bibi yangu Milola anaweza kulifundisha. Muhogo mzima ukiuanika juani unaoza. Ukiupasua makopa unakauka, kwa sababu jua limepata pa kugusa. Sasa endelea kupasua mpaka ufike nanomita, yaani mita moja ukiigawa vipande bilioni moja. Unywele wako una upana wa nanomita kama 80,000 hivi. Kijiko kimoja cha chembe za namna hiyo kina eneo la kugusana na maji ambalo hulitegemei kabisa. Ndiyo nano hiyo, wala haikai Ulaya.

Kinachonikera zaidi ni kitu kingine, na ndicho kinachopotea kila tunapopiga makofi ya tuzo. Hilonga hakutengeneza chujio moja la dunia nzima. Alisema wazi kwamba linarekebishwa kulingana na maji ya mahali. Maana yake kuna mtu lazima ayapime kwanza maji ya pale. Nani atayapima ya kwetu? Kisima cha nyumbani maji yake yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu mpaka uchoke, na chai ina ladha yake ya pekee. Nimeyanywa miaka ishirini na kitu na hakuna aliyewahi kuniambia kuna nini ndani. Sekondari niliyosoma tulikariri sura nzima ya maji magumu na maji laini. Nilipata A. Hakuna siku mwalimu alisema nendeni kisimani mlete chupa. Kisima kilikuwa nyuma ya darasa!

Mtaniambia, wewe unaota, nano inataka mashine za mamilioni. Kweli inataka, na ndiyo maana Hilonga alikwenda Korea. Mwingine atasema chujio lenyewe mwaka 2015 lilitajwa kuuzwa kama dola 130, mkulima wa ufuta atalipata wapi? Hoja nzuri hiyo, naipokea. Ndiyo maana wakaweka vituo, mtu mmoja ana chujio na wengine wananunua maji yaliyochujwa. Lakini swali lake halikutoka kwenye mashine. Lilitoka kwenye ndoo ya nyumbani. Mashine ilikuja kujibu.

Na sisi wa Lindi ndio tusingepaswa kucheka kabisa. Wilaya ya jirani, Ruangwa, ardhini kuna kinywe, yaani grafiti, ileile ya penseli. Mwaka 2004 kule Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walichukua grafiti na selotepu (ndiyo, selotepu ya dukani), wakabandua na kubandua mpaka wakabaki na tabaka moja tu la atomu za kaboni. Grafini. Mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia. Sasa niambieni ni mtoto gani wa kidato cha pili Ruangwa au Milola amesimuliwa hilo, akiwa ameshika penseli mkononi?

Hajasimuliwa kwa sababu anayetakiwa kumsimulia ni mimi na wewe, na sisi tunaambizana hosteli kwamba ualimu ni wa waliokosa kozi nyingine, na nano ni ya wazungu. Tukifika kazini tutaandika noti ubaoni, watoto watanakili, mmoja atapata A kama mimi na ataendelea kunywa asichokijua.

Wanaopangiwa BTP Lindi na Kilwa mwaka huu, mimi nimeshaanza kukusanya vitu: chupa za plastiki za kukata, mchanga wa aina mbili, mkaa, mbegu za mlonge (ukizitwanga zinakusanya matope kwenye maji, mkibisha jaribuni), sabuni ya mche na karatasi za litmasi. Litmasi ndiyo shida, nimepata pakiti moja tu. Floraidi hatutaweza kuipima kwa vitu hivi, tutafute maabara ya maji itakayokubali sampuli zetu. Mwenye ndugu anayefanya kazi huko aniambie kabla ya Ijumaa. Na wewe uliyecheka, najua unasoma hapa, leta chupa yako.