Tatu bila haikuanzia San-Pédro

Ndugu zangu, kuna jambo limenikaa kooni tangu Januari 17, 2024, na leo nalitema.

Usiku ule nilikuwa nyumbani Nyashimo. Kwa msiopajua, ukitoka Mwanza kwenda Musoma, ukishaipita Magu, utaikuta Nyashimo kabla hujafika Lamadi. Ndiyo makao makuu ya wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Saa mbili usiku kibanda umiza kilikuwa kimefurika mpaka watoto wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Taifa Stars inafungua mashindano ya AFCON kule San-Pédro, Ivory Coast. Mpinzani, Morocco.

Mnajua kilichotokea. Dakika ya 30 Romain Saïss akafunga. Dakika ya 70 Novatus Miroshi akatolewa kwa kadi nyekundu. Dakika ya 77 Azzedine Ounahi akaweka la pili, na dakika ya 80 Youssef En-Nesyri akamaliza kazi. Tatu bila. Watu wakatoka kimya, kama wanaotoka msibani.

Kesho yake ndipo maneno yakaanza. Kwenye kahawa, kwenye vijiwe vya bodaboda, redioni, kote wimbo ni mmoja: refa katuua, kadi imetumaliza. Na kocha wetu wa wakati huo, Adel Amrouche, tayari alikuwa amesema kwamba Morocco ndiyo inayoendesha mpira wa Afrika. CAF wakamfungia mechi nane, TFF nayo ikamsimamisha, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman ambaye, kwa kejeli ya Mungu, jina lake la utani ni Morocco.

Naomba kutofautiana na wenzangu wote wa kijiweni.

Hebu tuanze na hiyo kadi. Ilipotoka tulikuwa tumeshafungwa kwa dakika arobaini nzima, wachezaji wetu wakiwa kumi na moja uwanjani. Ni kweli mabao mawili yalikuja baada yake, sikatai. Lakini tukumbuke Novemba 2023, miezi miwili tu kabla, Morocco hao hao walikuja Dar es Salaam katika kufuzu Kombe la Dunia. Uwanja wetu, mashabiki wetu. Wakatufunga mbili bila. Je, siku ile nani alipanga?

Na wala si Morocco peke yao. Tazama mechi zetu za kwanza za AFCON tangu tuanze kushiriki. Mwaka 1980 kule Lagos, Nigeria 3, sisi 1. Mwaka 2019 Cairo, Senegal 2, sisi 0. Mwaka 2024, hayo niliyosimulia. Desemba 2025 kule Fès, Nigeria tena, 2 kwa 1. Ushiriki mara nne, mechi za ufunguzi nne, vipigo vinne. Makocha tofauti, marefa tofauti, wachezaji tofauti. Ukiona nyumba imevuja chini ya mafundi wanne, acha kumlaumu fundi wa mwisho, angalia paa lilivyoezekwa.

Mechi ya kwanza ni mtihani wa ajabu. Mashindano yakishaendelea, timu dhaifu inajifunza, inakaba, inaokota sare. Ndivyo tulivyofanya 2024 kwa Zambia moja moja na Kongo bila kwa bila. Lakini siku ya kwanza huna pa kujificha. Unacheza kwa kile kilichoingia mwilini tangu utoto: kupokea mpira ukiwa umebanwa, kujua pa kusimama, kutulia ukishafungwa. Hicho hakifundishwi kambini kwa wiki tatu. Hicho hufundishwa ukiwa na miaka kumi.

Sasa twende huko kwenye miaka kumi.

Ounahi na En-Nesyri, waliotufunga la pili na la tatu, wote wamepita katika akademia ya Mohammed VI iliyozinduliwa mwaka 2010 karibu na Rabat. Huko mtoto analala, anakula, anasoma darasani, na anafundishwa mpira na mtu aliyesomea kufundisha mpira. Najua mtasema Morocco inabebwa na vijana waliozaliwa Ulaya. Saïss kazaliwa Ufaransa, sawa. Lakini mabao mawili kati ya matatu yalitoka kwa watoto waliofinyangwa nyumbani kwao. Hayo hayakutoka Paris.

Na sisi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenzao wakiwa bado wanachora ramani, sisi tulikuwa tunafuta. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, yalisimamishwa na serikali, yakaja kurudishwa miaka kadhaa baadaye. Piga hesabu. Mbwana Samatta kazaliwa Desemba 1992, Simon Msuva Oktoba 1993. Yaani nahodha wetu na mshambuliaji wetu walikuwa na umri wa shule ya msingi hasa wakati taifa linaamua kwamba mpira shuleni ni upuuzi. Waliofika walifika kwa ubishi wao. Waliopotea njiani hatuwajui majina, na hatutawajua.

Mashindano yamerudi, tushukuru. Lakini mashindano si mafunzo! Wiki chache za katikati ya mwaka, mtoto anachaguliwa shuleni, anapanda wilaya, anapanda mkoa, anapewa jezi, anapigwa picha na mgeni rasmi, anarudi nyumbani kuchunga. Aliyemfundisha ni nani? Sekondari niliyosoma mimi, mwalimu wa michezo alikuwa mwalimu wa Jiografia aliyepewa filimbi. Mpira ulikuwa mmoja, na ulifungiwa stoo ofisini usije ukachakaa. Mzee wa watu alijitahidi, simlaumu hata kidogo. Mbinu yake ilikuwa moja: "Piga mbele!" Tulipiga mbele miaka minne.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Chuo cha serikali cha kuwafundisha walimu na makocha wa michezo kiko wapi? Malya, wilaya ya Kwimba! Chukua ramani, pima kwa rula kutoka Nyashimo: hakifiki kilomita mia. Tunaishi jirani na kisima halafu tunakufa kiu. Mhitimu wa Malya ana elimu ya kumtengeneza mtoto wa Busega, na mtoto wa Busega ana mapafu ya kukimbia kutoka ziwani mpaka mbuga za pamba. Kinachokosekana kati yao ni barua ya ajira yenye cheo cha kocha wa shule na mshahara wake.

Mtasema fedha hakuna. Kweli? Mwaka 2023 Rais Samia alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya CAF, na nchi nzima ikashangilia, mimi nikiwemo. Sina ugomvi na zawadi. Lakini zawadi humlipa aliyekwisha kuwa mfungaji. Nani anamlipa anayemtengeneza? Goli moja la namna hiyo lingenunua mipira ya kutosha shule nyingi tu za Busega, na chenji ingebaki ya filimbi.

Wengine watanijibu kwamba mbona 2025 tulitoka kwenye makundi, na kabla ya hapo Agosti tulifungua CHAN nyumbani kwa kuichapa Burkina Faso mbili bila? Ni kweli, na nilirukaruka kama mwehu. Lakini CHAN ni ya wanaocheza ligi za ndani, na huko nako aliyetutoa robo fainali ni Morocco. Na kwenye AFCON tulivuka kwa sare mbili. Mpaka leo, mara nne fainali za AFCON, hatujawahi kushinda hata mechi moja. Anayeita hayo mafanikio makubwa amezoea njaa.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuandaa AFCON ya 2027. Tunajenga viwanja, na viwanja ni vizuri. Ila nyasi hazifungi magoli. Siku hiyo mechi ya kwanza itakuwa mbele ya macho yetu, na hatutakuwa na San-Pédro ya kusingizia.

Usiku ule nikitoka kibandani, wale watoto wa kwenye mabati walikuwa wamehamia barabarani, wanapiga mpira wa makaratasi chini ya taa ya duka. Mmoja alimlamba chenga mwenzake mpaka nikasimama. Ana miaka kumi hivi. Hiyo ndiyo timu yetu ya mwaka 2035, na mpaka ninapoandika haya haina kocha.

Naomba kuwasilisha.