MAKAKO NI NANI?



Hapa Makiso, ukipita sokoni unasikia: "Nyama ya makako!" Ukigeuka, kijana anamtukana mwenzake: "We makako!" Leo tujiulize: jina hilo lilitoka wapi?

Wataalamu wa lugha wanasema lilizaliwa kwetu. Watu wa pwani ya Kongo walimwita kima "kaku". Wakiwa wengi, "makaku". Wareno wakalichukua, wakasema "macaco". Wafaransa wakasema "macaque". Mwaka 1799, Mfaransa Lacépède akaliandika kundi la kima kwa jina Macaca; wengi wao ni wa Asia. Mmoja wao, wa India, anaitwa Rhésus, jina la mfalme wa hadithi za Wagiriki. Ndilo neno mnaloliona kwenye karatasi ya damu hospitalini, kwa sababu damu ya kima huyo ilitumika katika uchunguzi wa mwaka 1940.

Basi angalieni: katika pori letu hakuna Macaca hata mmoja! Jina lilitoka kwetu, likaenda mpaka Asia, likarudi na wakoloni likiwa tusi. Walimwita Mkongomani "macaque" ili ajione si mtu. Je, tusi lililowaumiza babu zetu, sisi tuwatupie watoto wetu?

Kima wetu nao wana majina yao. Wawindaji wa Opala, hapa Tshopo, walimjua mmoja kwa jina lesula. Mwaka 2007 wachunguzi walimkuta mtoto wake akifugwa nyumbani kwa direkta wa shule ya msingi, kule Opala. Hakuwa katika kitabu chochote cha sayansi. Mwaka 2012 akaandikwa, na jina la wawindaji likabaki: lesula. Mwaka 2016 Parke ya Taifa ya Lomami ikaanzishwa, naye anaishi humo.

Lakini nyama ikishakaushwa kwa moshi, sokoni wote ni makako tu. Nani atajua ni yupi anayeelekea kwisha? Ninyi mnaokaa karibu na machimbo, mnaokula nyama ya pori kila siku, jambo hili ni lenu pia.

Katika Mwanzo 2, Adamu aliwapa wanyama majina. Hakuwaita wote kwa jina moja. Vijana, waulizeni wazee majina ya wanyama wa pori lenu, myaandike. Na mwenzako naye ana jina alilopewa na wazazi wake. Mwite hilo.