Gia Inapogoma Kutoka

Asubuhi ya Jumanne, wiki mbili zilizopita, hapa nyumbani Gungu, tulikuwa tumekwisha kumketisha bibi kwenye kiti cha mbele, kadi ya kliniki mkononi na kanga mabegani, tayari kwa safari ya hospitali ya Maweni. Gari likawaka bila shida. Tukakanyaga breki, tukabonyeza kitufe cha mkono wa gia, tukauvuta. Haukusogea. Tukauvuta kwa nguvu zaidi, nao ukaendelea kung'ang'ania kwenye herufi P kana kwamba umepigwa msumari. Bibi, ambaye maisha yake yote amezoea mabasi na boti za ziwani, akauliza kwa upole kama gari nalo lina siku zake za kususa.

Bibi alikwenda kliniki kwa bajaji, na alhamdulillahi hakukosa kuonwa. Sisi tukabaki na gari, na baada ya saa moja akaja fundi kijana, mpole na mwepesi wa mikono. Akajaribu, akatabasamu, akasema: "Mzee, hiki kijikufuli cha gia ni usumbufu tu. Nikikitoa, hamtasumbuka tena maisha." Kazi ya nusu saa, na bei yake si kubwa. Tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba tulikaribia sana kukubali, na ni kwa sababu hiyo tunaandika wiki hii. Magari ya otomatiki yaliyotumika Japani yamejaa katika nyumba zetu, mengi hufika bila kitabu cha maelekezo au na kitabu cha Kijapani, na ushauri kama ule hutolewa kwa nia njema kila siku.

Kijikufuli hicho kina kazi. Karibu na mkono wa gia mna kipini kidogo kinachouzuia usitoke kwenye P. Kipini huondolewa na sumaku ya umeme, nayo sumaku hupata umeme pale tu swichi iliyo juu ya pedali inapotoa habari kwamba breki imekanyagwa. Kwa maneno mengine, gari linakataa kuondoka mpaka liwe na hakika kwamba kuna mguu wa mtu juu ya breki. Kifaa hiki kilienea baada ya malalamiko ya miaka ya 1980 huko Marekani, hasa juu ya gari la Audi 5000, kwamba magari yalikuwa yakichomoka yenyewe. Uchunguzi wa serikali yao uliotolewa mwaka 1989 ulieleza kwamba kwa sehemu kubwa madereva walikuwa wakikanyaga mafuta wakidhani ni breki. Kisha mwaka 2008 ikapitishwa huko sheria iliyopewa jina la mtoto wa miaka 2 aliyefariki kwa kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Sheria hiyo iligusa mambo kadhaa, na moja lilikuwa kwamba magari ya otomatiki yatakayotengenezwa kuanzia Septemba 2010 lazima yawe na kufuli hili, ili mtoto anayechezea usukani asiweze kulitoa gari kwenye P.

Tulipofika hapo katika mazungumzo yetu na fundi, tulimtazama kitinda mimba wetu wa miaka 4. Alikuwa amekwisha kupanda kiti cha dereva, mikono miwili kwenye usukani, anaunguruma kwa mdomo. Funguo ilikuwa bado kwenye swichi. Ua wetu una mteremko unaoishia barabarani, na kando ya barabara hiyo kina mama hukaa na meza zao za dagaa. Miguu ya mtoto haifiki kwenye pedali, lakini mkono wake unaifikia gia vizuri kabisa. Fundi naye aliona tulichokiona. Akarudisha bisibisi mfukoni.

Basi akamwomba kijana wetu mkubwa asimame nyuma ya gari, kwa pembeni, atazame taa wakati breki inakanyagwa. Hakuna iliyowaka. Hapo ugonjwa ulikuwa umejulikana, na laiti tungefanya hivyo asubuhi, tungeokoa muda na jasho. Swichi ya breki inayolifungua kufuli la gia ndiyo hiyo hiyo inayowasha taa nyekundu za nyuma. Gia ikigoma na taa zisiwake, mtuhumiwa ni swichi hiyo au fyuzi yake, ambayo katika Toyota nyingi imeandikwa STOP. Taa zikiwaka na gia bado imegoma, tafuta kwenye sumaku au kwenye mkono wenyewe. Soda iliyomwagika hapo na kuganda yatosha kuukwamisha. Na kama taa za dashibodi ni hafifu, anza na betri.

Kwetu ilikuwa fyuzi. Fundi hakutaka kuweka mpya kabla ya kujua iliyounguza ya kwanza, na hapo tulimheshimu zaidi. Akafungua buti. Jioni ya siku iliyotangulia tulikuwa tumepakia madumu manne ya mawese kutoka Ujiji, na dumu moja lilikuwa limeusukuma na kuuchuna waya wa taa ya kushoto mpaka ukagusa bati. Ina maana kwamba tulipanda kurudi Gungu, magharibi inaingia, bodaboda nyuma yetu, na huenda bila taa hata moja ya breki. Gia iliyotukera asubuhi ndiyo iliyotupa habari hiyo. Waya ulifungwa upya, fyuzi ikawekwa ya kiwango kile kile, wala si kubwa zaidi, wala si kipande cha waya kama wengine wafanyavyo.

Msomaji aliyekwama na mgonjwa ndani ya gari atauliza afanye nini kabla fundi hajafika. Katika magari mengi ya Kijapani, kando ya mkono wa gia kuna kitufe kidogo au tundu lenye kifuniko, pameandikwa SHIFT LOCK. Zima injini, vuta hendibreki mpaka mwisho, weka jiwe zito kwenye tairi upande wa mteremko, na watoto wawe mbali. Weka funguo kwenye ON bila kuwasha injini. Kanyaga breki kwa nguvu, bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi, kisha peleka gia kwenye N. Injini itawaka ikiwa kwenye N. Hiyo ni njia ya kufika hospitali na kisha gereji, tena polepole, kwa kuwa wa nyuma yako huenda haoni ukifunga breki.

Liko pia kosa jingine linalofanana na hili, nalo ni la sisi tunaokaa kwenye vilima. Dereva akiegesha mlimani, akaweka P na kuachia breki kabla ya kuvuta hendibreki, uzito wote wa gari huning'inia kwenye jino moja dogo ndani ya gia. Asubuhi mkono huwa mzito, na ukitoka hutoka kwa kishindo. Hapo hakuna kilichoharibika. Anza na hendibreki mguu ukiwa juu ya breki, achia mguu kidogo gari litulie, ndipo uweke P.

Bibi aliporudi kutoka kliniki alisikiliza habari yote, akaomba aonyeshwe lile tundu. Tukamwonyesha. Akasema sasa tumfundishe na hendibreki iko wapi, kwa kuwa kiti cha mbele ni chake kila Jumanne.